Utaisikia Mwenyewe

Injini iliyonirudisha kwenye kamusi kulitazama upya neno "aibu" niliinunua mwishoni mwa Novemba 2009, kwa shilingi laki nane, kwa mtu ambaye mlango wake na wangu umetenganishwa na uchochoro usiopita gari. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba nilikwenda gizani kwa mtu nisiyemjua. Nilimjua vyema. Marehemu baba yake ndiye aliyenisomesha Juzuu Amma, na mama yake ndiye aliyemkanda mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili. Muuzaji wa namna hiyo haombwi risiti. Kumwomba risiti ingekuwa kama kuionja chai yake kwanza kabla ya kuinywa.

Gari yangu ilikuwa Toyota Corolla ya mwaka 1994. Injini yake ya asili, ile ya lita moja na nusu ambayo mafundi huiita kwa namba yake, 5A, ilikwishachoka. Ikinywa oili bila ya kiasi, na asubuhi ikigonga kwa chini kama mtu anayetwanga. Kununua gari nyingine kwa mshahara wa mwalimu wa sekondari halikuwa jambo la kuzungumzwa. Fundi wangu akanishauri nitafute injini ya mtumba.

Biashara hii ya vipuri vilivyokwishatumika imekuwa sehemu ya maisha yetu kiasi kwamba hatuishangai tena. Huko Japani gari mpya ya binafsi hupelekwa kukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kila ukaguzi una gharama zake. Basi wengi huona nafuu kuiacha gari ikiwa ingali na nguvu. Usukani wao uko kulia kama wetu. Gari nzima hupakiwa melini. Nyingine hukatwa nusu, ikaja sehemu ya mbele peke yake na injini yake na giaboksi yake, kama samaki aliyeuzwa kichwa. Nyingine hupitia kwanza Sharjah, kwenye viwanja vya spea ambako wafanyabiashara wetu wamekuwa wakienda na kurudi. Zikifika hapa hutandazwa kwenye sakafu nyeusi ya oili, na juu ya kaunta huandikwa maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasoma: mali ikishauzwa hairudishwi. Hata hivyo, wapo wenye maduka ambao, pamoja na maneno hayo, humpa mnunuzi siku chache za kujaribu, kwani wanajua kuwa kesho watamhitaji tena. Muuzaji wa binafsi, aliyeivunja gari yake mwenyewe akauza kipande kimoja kimoja, hana kaunta wala maandishi. Anacho kinywa chake tu.

Jirani yangu alikuwa ameivunja Corolla yake kwa sababu bodi lilikwishaliwa na kutu. (Hewa yetu ya chumvi, nayo ni mshirika wa kila muuza spea.) Injini ilikuwa uani kwake, imekaa juu ya tairi kuukuu, imeoshwa kwa mafuta ya taa hata inang'aa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nathubutu kusema kwamba wahenga hawakupata kununua injini. Ile haikujitembeza hata kidogo; ilikaa kimya pale uani kama mwari. Fundi wangu aliizungusha kwa spana, akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akasema pumzi ipo. Tukaiamini pumzi.

Kisha nikauliza. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu baadaye lilikuja kuwa ndilo shina la ugomvi. Nilimwuliza kwa maneno haya hasa: "Haina ila?"

Jirani aliipangusa injini kwa kitambaa, akatabasamu, akasema: "Maalim, injini hii mimi nikwambie nini? Utaisikia mwenyewe."

Nikacheka kwa furaha. Mimi ni mtu wa mashairi. Jawabu lenye kupendeza hunishibisha kabla sijalitafuna. Watu wetu wa pwani tumelelewa katika mafumbo, tukafundishwa kumsifu anayesema kwa kuzunguka na kumdharau anayesema wazi. Laiti angenijibu "haina" au "inayo", ningemwuliza la pili na la tatu. Alinijibu kwa kauli tamu, nami nikahesabu noti.

Injini ilifungwa kwa siku mbili. Siku ya tatu maji ya rejeta yakapungua, wala hapakuwa na tone chini ya gari. Fundi akakifungua kifuniko cha rejeta huku injini inanguruma, akanionyesha mapovu madogo madogo yakipanda, kama sufuria inayokaribia kuchemka. "Maalim," akanambia, "kamwambie mapema."

Sikwenda. Juma lile jirani alikuwa anamwoza binti yake, na kadi ya mwaliko ilikuwa juu ya kabati langu la vitabu. Nitakulaje biriani ya mtu huku namdai injini? Nikasema nitangoja arusi ipite. Arusi ikapita. Nikasema nisimwendee siku ya Ijumaa. Ikaja Jumamosi, nikasema labda ni kifuniko tu. Nikawa natia maji kila asubuhi kama mtu anayemwagilia mchicha. Kisha tarehe 10 Disemba umeme ukakatika Unguja nzima, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu ya vibatari na majenereta, ambayo waliokuwapo wanaikumbuka bila ya kukumbushwa. Katika giza lile kila mtu alikuwa na dhiki zake, nami nikapata kisingizio kingine cha kukaa kimya.

Mwanzoni mwa Januari tulikuwa tunakwenda mazikoni Makunduchi. Tulipofika maeneo ya Jozani mshale wa joto ukapanda hata ukagonga mwisho, na mvuke mweupe ukatoka chini ya boneti. Tukasimama kando ya msitu, mimi na shangazi zangu wawili waliovaa mabuibui ya msiba, huku kima punju wakitutazama kutoka mitini. Kwenye kijiti cha kupimia, oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Maziko hatukuyadiriki. Aliyefariki alikuwa mjomba wangu, na kwa hilo la kutodiriki bado sijajua nimlaumu nani.

Injini ilipofunguliwa, yote yakaonekana. Injini ya aina ile tumbo lake ni la chuma cha kusubu, na kichwa chake, silinda hedi, ni cha aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Gari ikichemka sana, kichwa hutaka kutanuka na tumbo halitaki kukifuata. Kichwa hupinda, gasketi hupoteza mkazo wake, maji yakaingia pasipo pake. Fundi aliweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi, na chini ya rula, katikati, karatasi ya daftari ikapita bila ya kukwama. Mambo mawili mengine yakanitia uchungu zaidi. La kwanza: uso ule ulikwisha kupita mashineni kusawazishwa siku za nyuma, alama zake zilikuwa dhahiri kwa mwenye kujua. La pili: ndani ya njia za maji mlikuwa na tope la rangi ya udongo, yaani ule unga unaomiminwa kwenye rejeta kuziba mivujo kwa muda. Na oili niliyouziwa nayo, fundi alikumbuka sasa, ilikuwa nzito kupita kiasi, ile inayotiwa ili injini iliyochakaa inyamaze. (Kwa nini hakukumbuka siku ile ya kidole gumba? Nilimwuliza. Alinitazama kwa huruma akasema, "Maalim, wewe ulikwishaipenda.")

Tulingoja zamu ya jenereta kwenye karakana ya kukereza vyuma kwa siku tisa. Ikawa mwisho wa Januari ndipo nilipouvuka uchochoro.

Jirani alinisikiliza vizuri. Alipojibu, alijibu kwa hoja tatu, na zote tatu zilikuwa na uzito. Injini nimekaa nayo miezi miwili. Injini nimekwisha kuifungua, basi nani ajuaye kama aliyeiharibu si fundi wangu? Na ya tatu, aliyoitoa pole pole, wala hakuwa akifanya mzaha: "Si nilikwambia utaisikia mwenyewe?"

Kwa muda wa wiki tatu hatukuamkiana. Visahani vilivyokuwa vikiuvuka uchochoro kila Ijumaa vikakoma, na wake zetu, ambao hawakuwa na hisa yoyote katika injini ile, wakawa wanaanika nguo kwa zamu ili wasikutane.

Nilimwendea kijana mmoja niliyemsomesha zamani ambaye sasa ni wakili. Alinieleza kwa adabu kwamba sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyoachiwa na Waingereza, ambayo chanzo chake ni sheria yao ya mwaka 1893, humlinda mnunuzi anaponunua kwa mtu ambaye kuuza bidhaa hiyo ndiyo kazi yake. Mfanyabiashara akiuza injini, sheria inamchukulia kuwa ameahidi ubora wake, hata kama hakutamka neno. Ama mtu wa kawaida anayeuza kitu chake, sheria haimwekei ahadi ambayo hakuitoa. Mnunuzi na afumbue macho. Isipokuwa kama alisema uongo.

"Alisema utaisikia mwenyewe," nikamwambia.

"Huo si uongo, Maalim," akasema mwanafunzi wangu. "Umeisikia."

Hata hivyo alinionyesha jambo lililonifurahisha kama mpenzi wa maneno, ijapokuwa halikunirudishia senti. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ni mama wa sheria ya mikataba ya Zanzibar na ya Tanganyika, inapozungumzia hadaa inatoa mifano ya farasi. Mtu anamwuzia mwenzake farasi mnadani, naye anajua kwamba farasi ana kilema, ananyamaza. Hiyo si hadaa. Mnunuzi huyo angekuwa ni binti wa muuzaji aliyebaleghe juzi, kunyamaza kungekuwa hadaa, kwani baba ana wajibu wa kumwambia mwanawe. Na kama mnunuzi amesema, "Usipokanusha, nitashika kwamba farasi ni mzima," na muuzaji akanyamaza, basi kimya chake ni sawa na kusema. Nilikaa muda mrefu nikiutafakari mpangilio ule. Waandishi wa sheria, watu wakavu tunaowadhania hawana masikio, walikuwa wameketi wakapima uzito wa ukimya: huu mwepesi, huu mzito, huu ni tamko. Mimi na jirani yangu tulikuwa wapi katika mifano ile? Sikuwa binti yake. Lakini je, sikuwa mtu wa mnadani?

Usiku ule, kwa mwanga wa kibatari, ndipo nilipofungua kamusi. Neno letu "aibu" limetokana na Kiarabu, ambako asili yake ni kilema au kasoro, na ndilo hilo hilo ambalo vitabu vya fiqhi hulitumia kwa kasoro ya bidhaa. Sisi tuliling'oa sokoni tukalipeleka usoni: likawa haya, fedheha, jambo la kuinamisha kichwa. Kwa kasoro ya bidhaa tukabakisha "ila", ambalo nalo lina pacha wake wa sauti, "ila" ya kuvua, kama tunaposema wote wamefika ila mmoja. Mapacha hao kwa Kiarabu ni maneno mawili yasiyo na udugu. Kwetu yamevaa kanzu moja. Kisha tukafanya ufundi mwingine mkubwa zaidi: tukalichukua "walakini", kiunganishi cha watu, tukaligeuza kuwa jina la dosari. Gari ina walakini. Sijui lugha ngapi duniani zimeona kwamba kasoro ya kitu ni ile sentensi ya pili ambayo msemaji ameizuia kinywani. Injini nzuri, inang'aa, pumzi ipo, walakini.

Na lipo neno la tatu ambalo ndilo lililotukoroga, mimi na jirani yangu: kusitiri. Tumelelewa kwamba kusitiri aibu ya mwenzako ni katika mema makubwa. Asiyesitiri hana malezi. Kwa upande wa pili, dini hiyo hiyo inamkataza muuzaji kuisitiri aibu ya bidhaa, na makatazo yake ni makali. Neno moja, "aibu", na kitendo kimoja, kusitiri. Mahali pamoja ni thawabu na mahali pengine ni dhambi, na mpaka kati ya mahali hapo pawili ni mwembamba kuliko karatasi ile iliyopita chini ya rula.

Sheha wa shehia yetu alikuwa mtu wa busara. Alipopata habari zetu hakutuita ofisini. Alituelekeza kwenye baraza ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa fiqhi, mbele ya watu wanne au watano wanaokaa pale kila baada ya alasiri. Mahakama ya Kadhi, kama wengi wajuavyo, imebakiwa na ndoa, talaka, malezi, mirathi na wakfu. Silinda hedi iliyopinda haimo. Lakini elimu ya mauzo haikufutika kwa kuwa imeondolewa mahakamani. Ilikuwa imekaa barazani, imevaa kofia ya viua, inakunywa kahawa.

Jirani alipewa nafasi ya kwanza. Alizungumza kwa unyonge ambao sikuutegemea. Alikiri kwamba gari ilimchemkia mara moja, kwamba alikipeleka kichwa kikasawazishwa, kwamba unga aliutia yeye. "Lakini ilipona, sheikh," akasema. "Niliiendesha mwaka mzima. Mtu akiugua akapona, atatangazwa kila mlango? Mimi nimelelewa nisitiri."

Wale wa barazani wakaguna, na wapo walioguna kwa kumwunga mkono. Nami, Mungu anisamehe, moyoni nilimwelewa kuliko nilivyotaka.

Mzee akamjibu kwa upole. Akasema, mwanangu, maradhi ya mtu husitiriwa. Lakini anayeposa akija kuuliza, huambiwa. Imamu Nawawi mwenyewe, aliyefariki mwaka 1277, ambaye Minhaj yake imesomwa na masheikh wa pwani hii kizazi baada ya kizazi, ameandika kwamba anayetakwa shauri juu ya ndoa au ushirika asifiche anachokijua, na hilo halihesabiwi kuwa kusengenya. "Na huyu aliuliza," akasema, akinielekezea kidole. Kisha akatusimulia habari ya mnyama aliyeachwa siku kadhaa bila ya kukamwa, chuchu zake zimefungwa, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume alimpa mnunuzi huyo hiari ya siku tatu: akitaka amweke, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyapata. "Oili nzito na ule unga," akasema mzee, "ndiyo kamba ya kiwele."

Nilianza kuona nimeshinda, na uso wangu nadhani ulionyesha. Hapo mzee akanigeukia. Akaniambia kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafii, anayegundua aibu ya kitu alichokinunua anatakiwa aende kukirudisha pale pale bila ya kuchelewa. Akachelewa bila ya udhuru, haki ya kurudisha humponyoka. "Uliona mapovu siku ya tatu. Uliendelea kuendesha. Kwa nini?"

"Niliona haya, sheikh."

"Haya ni sehemu ya imani," akasema, "lakini si udhuru wa kuendeshea gari."

Watu wakacheka, na jirani yangu akacheka, na mimi nikacheka mwishowe. Kwa hukumu kavu, akasema mzee, mimi sina changu: nimechelewa, na nimekifungua kitu. Lakini nyinyi hamkuja kwa kadhi, mmekuja barazani, natafuta suluhu. Akatueleza hesabu ya arshi, yaani fidia ya aibu pale kitu kinapobaki kwa mnunuzi, ili tuichukue kuwa kipimo. Wakaitwa mafundi wawili wasiohusika. Injini kama ile ikiwa nzima, walisema, thamani yake milioni moja. Ikiwa na hedi iliyopinda, laki saba. Upungufu ni sehemu tatu katika kumi. Sehemu tatu katika kumi za laki nane nilizolipa ni laki mbili na arubaini elfu. Ndivyo ilivyo: hulipwi tofauti ya bei za watu, hulipwa uwiano wake katika bei yako. Nimesomesha ushairi na mizani yake kwa miaka mingi, na sijaona kipimo kilichonyooka zaidi ya hiki.

Jirani akakubali kulipa kwa mafungu. Kisha akasema ana neno. "Namwomba sheikh amwulize Maalim: ile injini yake ya zamani alimwuzia nani, na alimwambia nini?"

Kahawa ilinikwama. Injini yangu ya zamani, ile iliyokuwa ikitwanga asubuhi, nilimwuzia kijana mmoja anayejifunza ufundi karibu na Mwanakwerekwe, kwa laki moja na ishirini. Aliponiuliza hali yake nilimwambia hivi, nakumbuka vizuri: "Ilikuwa inatembea mpaka juzi." Na ni kweli, ilikuwa inatembea mpaka juzi. Kuhusu ule mtwango, kwamba beringi za chini zimekwisha, hakuniuliza nami sikumwambia. Hakuna aliyenihukumu pale barazani. Mzee alitazama kikombe chake, na jirani yangu naye akatazama chake, ingawa yeye ndiye aliyelitoa neno.

Kesho yake nilipanda daladala nikamtafuta yule kijana. Nilichukua shilingi elfu arubaini mfukoni, hesabu niliyoipiga mwenyewe usiku kwa sehemu tatu na kumi za mzee, nikaizidisha kidogo. Nilimkuta chini ya gari, miguu tu inaonekana. Alitoka, akanisalimu kwa heshima, "Shikamoo Maalim," akafurahi kuniona. Nikamwuliza injini iko wapi.

"Nimeshaiuza, Maalim. Kuna mtu wa Wete aliichukua, ikapanda boti mwezi uliopita."

"Ulimwambia nini?"

Alifikiri kidogo. "Nilimwambia vile vile ulivyonambia wewe. Kwamba ilikuwa inatembea mpaka juzi."

Nilimpa zile elfu arubaini. Alizipokea bila ya kuelewa, akadhani ni zawadi, akaniombea dua. Jina la yule mtu wa Wete hakulijua, wala simu yake hakuiweka. Mpaka leo nikipanda boti ya Pemba husikiliza injini za watu barabarani, jambo la kipuuzi, kwani 5A zilijaa tele na zote zikichakaa hugonga namna moja.

Hedi yetu ilisawazishwa, ikatiwa gasketi mpya, ikarudi kazini. Jirani alilipa fungu la kwanza mwezi wa Machi, wiki ile umeme uliporudi, na fungu la pili mwezi wa Mei. Fungu la tatu lilichelewa. Ikawa Julai siku moja, baada ya magharibi, ameuvuka uchochoro amebeba rejeta kuukuu ya shaba begani. Akaiweka kibarazani kwangu. Akasema fedha hana, na ile rejeta yangu fundi amemwambia imeziba kwa unga wake yeye. Je, nitaikubali hii kwa themanini elfu zilizobaki?

Nikamwuliza ina nini.

Aliinama, akawasha tochi ya simu, akaupitisha mwanga kwenye mbavu za rejeta moja baada ya moja, bila ya haraka. "Hapa chini kushoto palikuwa na tundu," akasema, "nimelilehemu mwenyewe. Hii mirija miwili imebonyea, maji yanapita kidogo. Na mfuniko wake si wake, ni wa gari nyingine, unakaza lakini si sana. Sidhani itazidi mwaka."

Ilidumu miezi kumi na minne.